Sura ya Nne: Bi Mkubwa wa Chunguni

Kituoni walimcheka. Mwanamke mtu mzima, mwenye tanuri lake na nyumba yake, kaingia na leso puani, kasema anataka kuripoti kifo. Askari wa zamu akamwuliza, "Nani amekufa, mama?" Akajibu, "Chachu." Askari akaweka kalamu chini, akamwita mwenzake aje naye asikie.

"Mama, unga haufi," mwenzake akamwambia. "Unga unaharibika. Nenda nyumbani ukapumzike."

Ndivyo Mama Mikate alivyoishia mlangoni kwa Sindano, na kwa Sindano hakuchekwa. Sindano alikuwa amestaafu upolisi, ila watu wote mtaani bado walimwita Afande. Jina la Sindano alipewa kazini, na si kwa wembamba wake tu: yeye alikuwa akipenya kwanza, kesi ikafuata nyuma kama uzi. Alivaa viatu vyake, akafunga mlango wake, wakaongozana hadi kwenye kiwanda cha mikate.

"Tuanze na mlango," alisema.

Akauchunguza mlango wa stoo, kitasa chake na bawaba zake. Hapakuwa na mkwaruzo. Dirisha lilikuwa na nondo, na juu ya nondo vumbi lilikuwa limelala kwa amani.

"Aliyeingia alikuwa na ufunguo. Funguo ziko ngapi?"

"Tatu. Mmoja ninao mimi. Mmoja anao wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, tunaishi naye hapa." Mama Mikate akapiga chafya. "Wa tatu nilimpa mchumba wangu, Fundi Saa. Wiki jana tu."

"Unamdhania yeye?"

"Mimi sijamdhania. Ufunguo ndio umemdhania."

Ndipo akaeleza, huku akijipangusa pua. Alikuwa mjane, na Fundi Saa alikuwa mjane mwenzake. Wote wawili walikuwa na vyao kabla hawajajuana, kwa hiyo walikubaliana waende kwa wakili waandikiane: kila mtu aliyeingia na chake, chake kibaki chake. Fundi Saa na kibanda chake na kiwanja chake. Yeye na nyumba, tanuri na kiwanda. Juzi wakili aliwasomea orodha, ndugu wa pande zote mbili wakisikiliza. Jana asubuhi chachu akakutwa amekufa. Kesho saa nne ndiyo ilikuwa siku ya saini.

"Wazo la kuandikiana lilikuwa la nani?"

"Langu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, Afande. Mume wangu alipofariki walinijia ndugu ambao hata harusini hawakufika, wakaanza kukagua viti. Aliyesimama pale mlangoni na koleo la tanuri mkononi ni wifi yangu huyu. Aliwaambia, atakayegusa kijiko namwoka. Wakaondoka." Akatabasamu kidogo, halafu tabasamu likamtoka. "Sasa nisikilize. Kama ni Fundi Saa aliyefanya hivi, kesho sitii saini, wala gauni sivai. Mwanaume anayeniulia kilicho changu kabla ya ndoa, baada ya ndoa ataniachia nini?"

"Nionyeshe marehemu," alisema Sindano.

Chungu kilikuwa rafuni, pembeni ya magunia ya unga, kimefungwa mdomoni kwa aproni ya zamani iliyofifia rangi. Sindano akafungua fundo. Ndani kulikuwa na kitu cha kijivu, kimelala kimya, hakina hata kiputo. Akainamisha pua, akavuta pumzi ndefu. Akachovya kidole, akakisugua na kidole gumba.

"Wewe ulimnusa?"

"Kwa pua ipi? Nina mafua tangu juzi, hata moshi siusikii."

"Nani aliyegundua?"

"Wifi. Aliniita, akaniambia, 'Wifi yangu, usiangalie.' Nikaangalia. Tukalia wote wawili mpaka mteja wa kwanza akabisha hodi. Leo tumeoka kwa hamira ya dukani. Aibu tupu."

"Umesema amekufa. Si imekufa. Chachu kwenu ni mtu?"

"Huyu alikuwa mtu, Afande. Mimi mwenyewe nilimkuta humu." Akaonyesha kona ya juu ya rafu, ambako chokaa ilikuwa na madoa madogo meusi. "Hapo huwa wamejaa vijinzi, vile vidogo vya matunda mabivu. Ndio watumishi wake, hawambanduki. Tangu jana hata mmoja simwoni. Nzi nao wanajua msiba."

Sindano aliitazama ile kona kwa muda. Kisha akalifunga fundo la aproni kama alivyolikuta, akatoka nje.

Ng'ambo ya barabara alikaa Fundi Viatu, kisanduku cha misumari mapajani, kipande cha mkate mkononi. Alikuwa akitafuna kama mtu anayetafuna adhabu.

"Afande, mkate gani huu? Si bora ningekula sponji la kuogea, angalau lingenisafisha tumbo."

"Umeona nani akiingia pale usiku wa kuamkia jana?"

"Mimi usiku nalala. Lakini mchana sijalala." Akatazama kulia na kushoto. "Unajua mimi si mmbeya."

"Najua."

"Mmbeya ni jirani yangu huyu muuza mkaa. Mimi nashona viatu. Ila kushona viatu hakuzibi masikio. Juzi, walipotoka kwa wakili, bwana harusi alisimama hapa hapa kwenye kivuli changu akipiga simu. Akasema hivi, nakunukulia kama alivyosema: 'Mimi siwezi kuingia nyumba ile Bi Mkubwa akiwemo. Ama yeye, ama mimi.'"

"Bi Mkubwa?"

"Kwa masikio yangu haya mawili. Kumbe jamaa ana mke! Anamwambia mama wa watu ni mjane, na mke mkubwa yupo mahali ananyonyesha." Akashusha sauti. "Sijamwambia Mama Mikate. Nikimwambia, mkate wa kesho utakuwa mbaya zaidi."

Sindano akamshukuru, akashika njia. Mke mkubwa aliyefichwa huyo: kesi ilikuwa imepata uzi mnene. Mtu mwenye mke nyumbani, anayetaka kuingia kwenye nyumba ya mjane tajiri wa mikate, akakuta wakili amemfungia mlango kwa maandishi, anaweza kufanya lolote kwa hasira. Uzi mnene. Kasoro yake ni moja: uzi mnene sana haupiti tunduni.

Kibanda cha Fundi Saa kilikuwa na upana wa kitanda. Ukutani saa zilijaa, kila moja ikisema uongo wake. Yeye alikuwa ameinamia saa ya mkononi, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, kibano kwenye vidole.

"Fundi, habari za kazi."

"Njema, Afande. Karibu. Saa imegoma?"

"Saa nzima. Mkeo mkubwa anaishi wapi?"

Kibano kikamponyoka. Kigurudumu kidogo kikaviringika, kikapotelea sakafuni, wala hakukitafuta.

"Mke wangu alifariki. Na hakuwa mkubwa, alikuwa peke yake."

"Kwenye simu juzi ulisema, ama Bi Mkubwa ama mimi. Sikubahatisha, nimeambiwa na masikio mawili."

Fundi Saa akakitoa kioo jichoni taratibu. Uso ulimwiva kama wa mwali.

"Nilikuwa naongea na dada yangu. Ee Mungu, aibu gani hii."

"Aibu utaiona baadaye. Taja anakoishi."

"Anaishi chunguni."

Sindano akavuta kigoda, akakaa.

"Ndilo jina lake," alisema Fundi Saa. "Bi Mkubwa. Ni jina la ndani, hawalitaji mbele ya wateja. Marehemu ndiye aliyelianzisha, kwa utani wake. Alimwambia mkewe, wewe umeingia nyumba hii umemkuta chachu, basi yeye ndiye bi mkubwa, wewe ni bi mdogo, msigombane. Wakacheka. Mpaka leo wanacheka. Mimi peke yangu ndiye sijui kucheka." Akasogeza saa moja mezani, akairudisha palepale. "Naenda asubuhi kunywa chai na mchumba wangu. Hata hanijulii hali! Anakwenda kumfungua yule kwanza. Anamwinamia. Anamwongelesha. 'Umelalaje? Umekula?' Mimi nimesimama na kikombe. Na kafungwa aproni ya nani? Ya marehemu. Nikiisogeza kidogo naambiwa, taratibu."

"Una wivu na unga."

"Sema tena, useme kwa nguvu, wapita njia wasikie. Nyumba yake siitaki, Afande, wala tanuri. Nina kibanda changu, na nilifurahi wakili alipokiandika kuwa changu, maana nami nina watoto. Lakini orodha yake ilipoanza kusomwa, kabla ya nyumba, kabla ya tanuri, namba moja ni nini? Chachu. Nikajiambia, kumbe hapa hatulindi mali. Tunamlinda marehemu."

"Na ufunguo unao."

"Ninao."

"Na ulitamani Bi Mkubwa afe."

Saa moja ukutani ikagonga, nyingine ikaipinga. "Nilitamani," alisema Fundi Saa.

Sindano alimtazama vidole. Vilitulia.

"Nieleze. Ungemwuaje?"

"Ningemmwaga mtaroni. Halafu chungu ningekivunja. Vigae ningevivunja tena."

"Usingeweka kingine mahali pake?"

"Kingine cha nini? Kimoja kimenishinda!"

Sindano akainuka. Aliinama, akaokota kigurudumu chini ya meza, akamwekea kiganjani. "Kesho saa nne uwe umechana nywele," alisema.

Njiani alikwenda polepole, akipanga alichokuwa nacho. Bibi yake aliwahi kuoka mikate, na alimfundisha jambo moja: chachu ikifa hunuka kuliko ilivyonuka hai, uchachu wake unakukata pua mpaka machozi. Kile cha kijivu chunguni hakikunuka uchachu. Kilinuka unga uliochemshwa. Ulikuwa uji tu, na maisha yake yote haukuwahi kuwa chachu. Basi hapakuwa na maiti. Pasipo maiti hapana mauaji, na pasipo mauaji kuna wizi. Mwenye chuki angemwaga. Aliyepika uji, akaumimina chunguni, akaifunga aproni vizuri, huyo alikuwa amemchukua Bi Mkubwa mwenyewe na kumwachia mwenye nyumba kitu cha kuzika. Tena alijua kwamba pua ya mwenye nyumba imeziba.

Akavuka ua nyuma ya kiwanda, akabisha hodi chumbani kwa Wifi.

"Karibu, Afande. Samahani, pamevurugika."

Hapakuwa pamevurugika. Nguo zilikuwa zimekunjwa kitandani kwa mafungu, na begi lilikuwa wazi miguuni pa kitanda. Dirisha lilikuwa limefungwa, na joto lote lile. Wifi alikuwa mwanamke mpana, mikono yake mizito kwa kukanda, macho yamevimba kwa kulia. Kilio hakikuwa cha uongo. Sindano aliliweka hilo akilini.

"Unasafiri?"

"Kwetu, kidogo. Harusi ina watu wake. Mimi ni wifi wa ndoa iliyopita."

"Pole na msiba."

"Ndiyo hivyo. Tumuachie Mungu."

"Mimi sijui mambo ya chachu. Nifundishe. Alikuwa wa namna gani?"

Uso wa Wifi ukalainika. "Bi Mkubwa? Ana deko, wewe! Hapendi baridi, hapendi kelele. Ukimchelewesha kula ananuna, anajikunja huko chini. Ukimlisha vizuri anapanda mpaka anasukuma kifuniko. Anataka kuzungumzwa naye."

"Hapendi," alirudia Sindano. "Ananuna. Anataka."

Wifi akageukia mafungu ya nguo.

"Mwenzio tangu asubuhi anasema alikuwa. Wewe ndiye uliyembakisha hai mdomoni."

"Ni ulimi tu, Afande. Mazoea."

Kijinzi kidogo kikapita katikati yao. Kikapita kingine. Sindano akavifuata kwa macho, na Wifi akamfuata Sindano kwa macho. Kona ya kabati la nguo ilikuwa na vijinzi kumi au zaidi, vikizunguka mlango wake kama wageni waliofika mapema kabla chakula hakijaiva. Chumbani hapakuwa na tunda hata moja.

"Kitendawili," alisema Sindano.

Wifi akajibu kwa sauti ndogo. "Tega."

"Nina mali yangu: nikiigawa haipungui, nikiifungia inakufa."

Wifi aliinamia kitanda. Alikunja blauzi ambayo ilikuwa imekwisha kunjwa.

"Umeshindwa? Basi nipe mji."

"Sina mji wa kukupa." Wifi akaketi kitandani, juu ya mafungu ya nguo, yakamwagika. "Mji wangu ni chumba hiki. Nacho kesho kinaandikwa cha mtu mwingine."

Sindano akafungua kabati. Harufu ikamjia usoni, kali, tamu, changa, kama maembe yaliyosahauliwa mvunguni. Nyuma ya koti kulikuwa na chungu kipya, kitambaa chake kimetuna, na mdomoni unga mweupe ulikuwa umefurika ukateremka ubavuni na kulowesha mkono wa koti. Bi Mkubwa alikuwa mzima wa afya.

"Nimwite Mama Mikate mimi," alisema Sindano, "au umwite wewe?"

Wifi alikwenda mlangoni, akaita kwa sauti ileile aliyokuwa akiitia kila siku: "Wifi! Njoo mara moja!"

Mama Mikate alikuja akifuta mikono. Aliona begi, akaona kabati, akaona chungu.

"Nimelia," alisema, "na wewe ukanifuta machozi."

"Nilikufuta kweli. Nilikuwa nakuonea huruma kweli."

"Huruma! Umeniibia, halafu unanionea huruma?"

"Nimekuibia nini?" Wifi akageuka. "Wakili kasoma mbele ya watu wote: chachu, mali ya bibi harusi, aliyoingia nayo. Uliingia nayo wapi? Siku unaingia nyumba hii, nani alikuwa amempakata? Mimi! Ni wa mama yangu. Nilimleta mapajani, nikampa kaka yangu, wewe ukaja ukamkuta. Leo amekuwa wako, umeingia naye!"

Mama Mikate alifungua mdomo, ikatoka chafya.

"Na si hilo," Wifi aliendelea. Sasa machozi yalikuwa yamerudi. "Dada wa huyo bwana wako, alipokuja kututembelea, akatia kidole chunguni. Kidole! Hakunawa. Akasema, 'Kumbe ndiyo chachu yetu hii.' Yetu! Angesema yenu, ningemchotea akaondoka nayo. Wewe ulisimama pale ukacheka. Nikajua, haya, wifi mpya amefika. Nyumba imeandikwa, tanuri limeandikwa, hata mabati ya kuokea yameandikwa. Nikasikiliza mpaka mwisho nisikie jina langu, hata kwa bahati mbaya. Wakili akafunga faili."

"Wewe utaandikwaje? Wewe si bati!"

"Ndiyo maana bati litabaki, mimi nafunga begi."

Mama Mikate akakaa kitandani naye. Kitanda kikalia.

"Niliandika vitu ninavyoogopa kuvipoteza," alisema. "Nilizunguka nyumba nzima nikijiuliza, wakija tena, watachukua nini? Hapo nikaandika. Wewe sikuwahi kuogopa kukupoteza."

"Hapo ndipo ulipokosea, wifi."

Sindano alichukua kile chungu, akakiweka katikati yao, akaenda kufungua dirisha.

Asubuhi iliyofuata ofisi ya wakili ilikuwa na watu na chungu kimoja. Mama Mikate alikataa katakata kukiacha nyumbani. "Kimeibwa mara moja," alisema, akakiweka mezani, juu ya jalada la mtu mwingine. Wakili alisogeza karatasi zake bila kuuliza. Wazee wa kazi ile huona mengi.

"Namba moja ifutwe," alisema Mama Mikate. "Chachu si yangu. Niliikuta."

"Basi niandike ni mali ya nani?"

"Ya wifi yangu. Mimi naiazima kila alfajiri."

"Na asirudishe chungu kichafu," alisema Wifi.

"Andika na hilo. Halafu andika chumba cha uani ni chake maisha yake yote, mimi niwepo nisiwepo, niolewe nisiolewe. Umeshaandika? Nionyeshe." Akasoma mstari kwa kidole. Wifi naye akasoma juu ya bega lake, midomo ikicheza, mpaka alipofika kwenye jina lake. Akalisoma mara ya pili.

Sindano alikuwa amesimama mlangoni. Kesi ilikuwa imekwisha tangu jana, lakini alitaka kumwona mmoja aliyebaki.

Fundi Saa alikuwa amechana nywele. Alitia saini sehemu yake ya kibanda na kiwanja, haraka, kwa mkono uliozoea vitu vidogo. Karatasi ya pili, ya mali za mchumba wake, ilipomfikia, kalamu ikasimama. Alikuwa anakitazama chungu. Joto la chumba lilikuwa limemwamsha Bi Mkubwa, na aproni ya marehemu ilikuwa ikituna polepole, ikipanda, ikishuka, kama kifua cha mtu aliyelala usingizi wa mwenye nyumba.

"Yeye anabaki na sisi?" aliuliza.

"Anabaki," alisema Mama Mikate.

"Na aproni?"

"Aproni ni ya kaka yangu," Wifi akadakia. "Imo kwenye vitu vyangu. Siku ukinizoea, nitaifikiria."

Fundi Saa alimtazama mchumba wake. Akatazama ufunguo wa stoo uliolala mezani, ambao alikuwa ameuweka hapo mwenyewe alipoingia ili asidhaniwe tena. Mama Mikate akausukuma kwa kidole mpaka ukamgusa mkono.

Akatia saini. Kisha akainamisha kichwa mbele ya kile chungu, taratibu, kama mtu aliyemeza kidonge kikubwa bila maji.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

Chini ya aproni kiputo kimoja kikapasuka, puf.

"Marahaba," akaitika Wifi kwa niaba yake.